Mama Mkasi Ajipima Mwenyewe

Mtaa mzima ulimwita Mama Mkasi. Yeye alikata nguo, mume wake alizishona. Walifanya kazi katika chumba kimoja chenye meza moja na cherehani moja. Ukutani lilining'inia daftari la vipimo. Kila mteja alikuwa na ukurasa wake: kifua, kiuno, urefu wa mkono.

Lakini siku hizi chumba hakikukalika. Mama Mkasi alifoka kutwa. Jumatatu alikata suruali ya mwalimu, miguu yote miwili ya kulia! Mume wake alicheka. Mama Mkasi akamrushia chaki usoni.

Mume aliacha kucheka. "Mke wangu, nimechoka," alisema. "Mwezi ukiisha, nahamishia cherehani yangu kwingine."

Moyo ulimwuma Mama Mkasi. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka kumi na miwili. Jioni alimweleza jirani yake, muuguzi wa zahanati.

"Jirani, hata sijui hasira inatoka wapi. Inanipanda tu."

"Sisi tukimaliza zamu tunaandika," muuguzi alisema. "Mgonjwa kalalaje, kala nini, homa imepanda saa ngapi. Bila kuandika tungekuwa tunabahatisha. Na wewe andika siku yako, dada. Dakika kumi tu. Nini kilitokea, ulihisi nini, kabla yake kulikuwa na nini. Hakuna wa kukusahihisha."

Mama Mkasi alianza siku hiyohiyo, nyuma ya daftari la vipimo. Baada ya siku tatu alilipeleka kwa jirani, kifua mbele. Muuguzi akasoma: "Mume: mzembe. Mteja wa gauni: msumbufu. Fundi viatu: redio juu."

Muuguzi alicheka mpaka akashika mbavu. "We mama! Umepima mtaa mzima. Vipimo vyako viko wapi?"

Mama Mkasi aliona aibu, kisha naye akacheka. Alifungua ukurasa mpya, akaandika juu: MIMI.

"Leo nimefoka saa tisa. Sijala tangu asubuhi. Nimepokea kazi tatu za haraka. Niliogopa kukataa." Kesho yake: "Nimefoka saa tisa. Sijala." Siku ya nne: "Tumekula pamoja mchana. Mume kanichekesha. Mkono umetulia. Nimefurahi."

Baada ya wiki mbili alisoma kurasa zote, akapiga meza. "Kumbe! Mume namwonea bure. Ni njaa na hizi kazi za haraka!"

Alimwomba mume wake radhi, waziwazi. Tangu hapo alipokea kazi moja tu ya haraka kwa siku. Saa saba mkasi uliwekwa chini, wakala. Mteja wa gauni alinuna, lakini alingoja. Na kila jioni Mama Mkasi aliandika.

Siku ya mwisho ya mwezi, mume alisimama kando ya cherehani. Mama Mkasi aliweka mkasi chini.

"Simama wima," mume alisema, akachukua tepu ya kupimia. "Miaka yote unakatia watu. Leo nakushonea wewe."

"Na cherehani?"

"Iende wapi? Ina kazi hapa." Alimpima mabega, kifua na urefu. "Niandike wapi?"

Mama Mkasi alimfungulia ukurasa wa MIMI.

Jumapili alipita mtaani na gauni jipya, akisalimia kila mtu, hata fundi viatu na redio yake. Gauni lilimkaa barabara.