Shati Ambalo Hatukulifua

Nyumbani kwetu kazi ni kufua. Mwanangu ni dobi, na mke wake ni dobi. Mimi nakunja, maana miguu yangu haitaki tena kusimama. Uani kuna kamba mbili. Ya chini ni ya nguo ndogo ndogo. Ya juu ni ya mashuka na mashati. Huko juu alifika mtu mmoja tu bila kupanda kigoda, mjukuu wangu. Tulimwita Mrefu.

"Mrefu, tundika hili shati la mwalimu," mama yake alimwambia siku ile. "Na usilishike kwenye kola."

"Mama, huyu mwalimu chai anakunywa au anaoga?"

"Mwache. Angekuwa nadhifu, sisi tungekula nini?"

Tulicheka. Ndivyo siku zetu zilivyokuwa. Kila jioni Mrefu alizifunga nguo zilizopigwa pasi kwa karatasi ya kaki, akawapelekea wenyewe.

Jioni ile hakurudi.

Askari walikuwa wakimfukuza mwizi mtaani. Watu walikimbia huku na huku. Mrefu naye alikimbia, furushi la nguo mikononi. Askari mmoja akafyatua risasi. Mjukuu wangu alifia hospitali kabla hatujafika.

Kesho yake polisi wakasema redioni kwamba kijana yule alikuwa mwizi. Wakasema alikuwa na kisu, na alimrukia askari.

"Mwanangu hajawahi kushika kisu ila cha kukatia sabuni," alisema baba yake. Akarudia tena na tena, kama vile redio ingemsikia.

Hospitali walitukabidhi nguo zake ndani ya mfuko wa nailoni. Sasa, sisi ni watu wa kufua. Katika nyumba yetu nguo chafu hailali. Mkwe wangu alikwenda moja kwa moja kwenye beseni. Akafua suruali, akaisuuza, akaianika. Kisha akachukua shati.

"Mimi ndiye mama yake," alisema. "Nani mwingine atamfulia?"

Hatukumzuia. Tuliona ni haki yake.

Ndipo jirani yetu akaingia kutupa pole. Dada huyu anafanya kazi katika ofisi ya msaada wa sheria, ile inayowasaidia watu wasioweza kumlipa wakili. Mtaani tunamwita Dada Sheria. Aliona beseni, akaona shati. Akamshika mkwe wangu mkono, taratibu, kama mtu anayemshika mgonjwa.

"Dada yangu, usilitie majini. Nakuomba."

"Lina damu ya mwanangu."

"Najua. Ndiyo maana nakuomba. Hebu ligeuze tulione."

Mkwe wangu akaligeuza. Tundu lilikuwa mgongoni.

Mwanangu ndiye aliyesema, "Si walisema alimrukia askari?"

"Ndivyo walivyosema," Dada Sheria akajibu. "Lakini mtu anayekurukia hakupi mgongo. Shati hili lina maneno ya kusema. Mkilifua, mtakuwa mmeliziba mdomo."

Mkwe wangu akakaa chini palepale penye maji. Ndipo alipolia kwa mara ya kwanza. "Suruali nimeshaifua! Nimeiharibu kesi ya mwanangu kwa mikono yangu!"

"Hujaiharibu. Umefanya kazi ya mama. Suruali tutaiweka hivyo hivyo, na tutasema wazi kwamba imefuliwa. Tusifiche kitu. Shati lipo."

Akatufundisha. Shati likauke kivulini, pasipo na vumbi. Lisikunjwe kwenye tundu. Likishakauka lifungwe kwenye karatasi, si nailoni, kwa sababu ndani ya nailoni damu huoza. Na kila atakayelishika aandike jina lake na tarehe.

"Karatasi ya kaki hapa ni tele," nikasema. Nilifurahi kuwa na kitu cha kutoa.

"Na mazishi, Bibi?"

"Kesho," mwanangu akajibu.

"Kaka, msizike kabla daktari hajauchunguza mwili. Tena mna haki ya kuweka daktari wenu, aone kwa macho yake. Ofisi yetu itamtafuta."

"Watu watasema tunamchelewesha mtoto."

"Waache waseme. Akishazikwa, kumfukua ni uchungu wa pili."

Mwanangu akaniangalia. Nikatikisa kichwa kukubali.

"Lakini mwanangu," nikamwuliza Dada Sheria, "tukamshtaki polisi kwa polisi?"

"Hapana, Bibi. Ipo tume inayochunguza makosa ya askari. Wale si polisi. Kazi yao ni hiyo. Tutakwenda pamoja."

Hazikupita siku nyingi, ofisa mmoja wa polisi akaja nyumbani. Sauti yake ilikuwa laini kama pamba. Akakaa, akatupa pole, akasifu usafi wa uani. Kisha akasema, "Mzee, nipe zile nguo za kijana tukazihifadhi."

Sisi hatukuzoea kumkatalia mtu wa serikali. Nilimwona mwanangu akifuta mikono iliyokuwa mikavu tayari.

"Afande, nguo tutawakabidhi tume, na watatupa hati ya kupokea."

"Huniamini?"

"Afande, mimi hata soksi ya mteja siitoi kwa mtu ambaye si yake."

Ofisa akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Akaenda zake. Mwanangu akaketi.

"Mama," akaniambia, "nilidhani nitazimia."

"Ungezimia baada ya kujibu," nikamwambia. "Jibu lilikuwa zuri."

Shati likaenda kwa tume. Daktari wetu akauchunguza mwili pamoja na daktari wa serikali, na wote wakaandika kitu kimoja: risasi iliingia mgongoni. Tukamzika Mrefu. Lakini Dada Sheria alisema bado inatakiwa sauti ya mtu aliyeona.

Mtu huyo tulimjua. Ni fundi viatu wa pale kona. Tangu siku ile hakuwa akituangalia usoni. Nikampelekea viatu vyangu, japo havikuwa na ubaya.

"Bibi, viatu hivi ni vizima," akasema.

"Najua."

Akavigeuza, akavigeuza tena. "Bibi, mimi nina watoto."

"Nami nilikuwa na mjukuu. Sikuja kukulazimisha, baba. Nimekuja kukwambia kitu usichokijua. Unaweza kuzungumza na watu wa tume faraghani, mbali na hapa. Ukiogopa, waambie unaogopa. Wana namna ya kumlinda shahidi."

Alivipaka viatu vyangu rangi, vikang'aa kama vipya. Wiki iliyofuata alikwenda kwa tume.

Yule askari akashtakiwa mahakamani, lakini kesi ilikwenda polepole. Iliahirishwa, ikasikilizwa, ikaahirishwa tena. Kila mara tulikwenda. Mlangoni mwa mahakama palikuwa na askari wa kike. Kila aliponiona alinyanyuka, akanipa kiti chake. Naye alivaa sare ileile ya aliyemuua mjukuu wangu. Sijalisahau jambo hilo.

Siku ya mkwe wangu kutoa ushahidi, wakili wa askari aliliinua shati. "Mashati meupe ni mengi, mama. Unajuaje kuwa hili ni la mwanao?"

"Ndani ya kola nilimshonea uzi mwekundu, lisichanganyike na ya wateja."

Jaji akaangalia. Uzi ulikuwepo.

Mwanangu akaniinamia sikioni. "Mama, ile kola ya wakili imeona pasi kweli?"

"Nyamaza," nikamwambia, lakini nilikuwa nikijikaza nisicheke. Sikuwa nimejikaza hivyo tangu Mrefu afariki.

Fundi viatu naye akasimama. Alisema alimwona Mrefu akikimbia na furushi la kaki. Kisu hakukiona. Aliyasema yote mpaka mwisho.

Siku ya hukumu jaji alisoma kwa muda mrefu. Mengine sikuyaelewa. Niliyoyaelewa ni haya: "Kijana huyu hakuwa mwizi. Hakuwa na silaha. Alikuwa kazini." Yule askari akahukumiwa kifungo.

Hatukupiga kelele. Mwanangu alishusha pumzi ndefu, nikaona mabega yake yakishuka pamoja nayo. Nyuma yetu mama wa yule askari alikuwa akilia peke yake. Mkwe wangu akageuka, akampa kitambaa cha mkono, kimepigwa pasi. Yule mama akakipokea.

Jioni ile redio ikasema tulichotaka kisemwe. Mwanangu alikuwa amesimama na pasi mkononi. Alisikiliza mpaka mwisho, na shuka la watu likaungua.

"Lipa," mkewe akamwambia.

"Nalipa," akajibu, akicheka huku machozi yakimtoka.

Muda wa rufaa ulipopita, tume iliturudishia shati ndani ya karatasi. Mkwe wangu alilipeleka kwanza kwa Dada Sheria.

"Sasa naweza?"

"Sasa fua, dada yangu."

Alilifua kwa maji baridi, maana ya moto huikaza damu. Alifua taratibu, hakutaka kusaidiwa. Doa halikutoka lote. Likabaki hafifu, kama la chai. Tundu hakulishona.

"Nilitundike kamba ya chini?" mwanangu akauliza.

"Ya juu."

Akaleta kigoda, akakishika kwa mikono yote miwili. Mkewe akapanda. Mimi nikampa vibanio, kimoja kimoja. Shati likajaa upepo.

Mwalimu akaja kuchukua nguo zake. Akatazama juu. "Hilo jeupe ni la nani?"

"La Mrefu," mkwe wangu akajibu kutoka juu ya kigoda. "Liache likauke."