Mtoto wa Mbwa Aliyerudishwa

Kila alasiri Asifiwe alipotoka shuleni aliziokota barua zilizoangushwa mlangoni, nyumbani kwao Hallonbergen, Uswidi, akaziweka mezani. Mama yake, Mama Perpétue, alifanya usafi hospitalini. Aliondoka alfajiri akarudi jioni, akavua viatu na kusikiliza bintiye akimsomea. Kiswidi cha Mama kilikuwa cha kuombea maji tu. Kwa daktari, benki na kwa mwalimu, Asifiwe mwenye miaka kumi na miwili ndiye aliyekuwa mkalimani wake.

Mwaka 2009, baada ya kumsihi mama yake kwa miezi mingi, Asifiwe aliruhusiwa kufuga mbwa. Mama alijua upweke wa mtoto anayejifungulia mlango kila siku. Jumamosi moja wakapanda treni hadi Norsborg, kwa mfugaji aitwaye Gunilla.

Watoto saba wa mbwa walikuwa wakirukiana jikoni. Gunilla aliwakaribisha kahawa, akatoa kalamu na karatasi.

"Simpi mtu mbwa kwa sababu tu ametangulia kufika," alisema kwa Kiswidi. "Kila mmoja nampeleka kwa anayemfaa. Mchana nani yuko nyumbani?"

Asifiwe akamtafsiria mama yake.

"Mwambie ukweli," Mama akajibu kwa Kiswahili. "Mimi niko kazini, wewe uko shuleni. Nyumba ni tupu."

Wakati huo mtoto mmoja wa mbwa, mwenye sikio jeupe, alikuwa amekuja kulaza kidevu juu ya mguu wa Asifiwe. Asifiwe alimtazama, kisha akasema kwa Kiswidi, "Mama anasema yeye hashindi kazini. Yuko nyumbani siku nzima."

"Vizuri," alisema Gunilla huku akiandika. "Maana huyo ni mwoga. Hawezi kabisa kuachwa peke yake."

"Amesemaje?" Mama aliuliza.

"Amesema tumchukue huyu."

Mama akatabasamu, akamshika Gunilla mkono kwa mikono miwili, akatia sahihi mkataba.

Walimwita Kito. Usiku alilala kwa utulivu, lakini asubuhi mlango ulipofungwa alianza kulia, na hakunyamaza hadi Asifiwe aliporudi. Alikwaruza mlango mpaka kucha zikatoka damu. Asifiwe aliifuta damu kabla Mama hajafika, wala hakusema neno.

Siku ya tisa jirani yao, Mzee Baudouin, aliyetoka Bukavu, Kongo, kama wao, alibisha hodi.

"Mama Perpétue, yule mnyama analia kutwa kama mtoto aliyefiwa. Mfugaji aliwaambia nini?"

Mama alimpa mkataba. Mzee alivaa miwani, akausoma polepole akiutafsiri kwa Kiswahili, hadi akafika mahali palipoandikwa kwamba mwenye mbwa hana kazi na hushinda nyumbani. Mama alimgeukia Asifiwe, naye Asifiwe akainamisha kichwa.

"Mzee, nipigie simu kwa huyo mama," Mama alisema.

Gunilla alikuja kesho yake jioni. Asifiwe alipofungua kinywa kutafsiri, Mama aliinua mkono kumzuia. Mzee Baudouin ndiye aliyetafsiri.

Gunilla alizitazama kucha za Kito kwa muda mrefu. "Nilikuwa na jike wa miaka mitano, mtulivu, aliyezoea kubaki peke yake," alisema. "Mngeniambia ukweli, ningewapa huyo. Sasa ameshapata kwao." Alisema Kito angempeleka kwa mume na mke wastaafu waliomwomba mbwa tangu zamani. Alimweka ndani ya kikapu, akaaga kwa ubaridi. Kito hakugeuka nyuma.

Asifiwe alilia. Mama alimwacha alie kwanza.

"Mbwa amepata wanaomfaa," hatimaye alisema. "Lakini yule mama ameondoka akijua mimi ni mwongo, na uongo wenyewe sikuutamka. Mwanangu, anayekupa ulimi wake umsemee amekupa na heshima yake. Ukiongeza neno moja lisilo lake, umemwibia."

"Nisamehe, Mama. Sitarudia. Wiki ijayo kwa daktari nitasema kila kitu kama utakavyosema."

"Nimekusamehe. Ila kwa daktari nitakwenda na Mzee Baudouin, na Jumatatu naanza darasa la Kiswidi. Utanisemea tena siku nitakapoweza kuelewa unachosema."