Pedali ya Kushoto

Kila asubuhi, jogoo wa jirani akiwa bado anajigamba, Cherehani alikuwa ameshafagia karakana ya baiskeli ya baba yake, amepanga spana ukutani kuanzia kubwa hadi ndogo, na kujaza maji beseni la kutafutia matundu ya tyubu. Jina lake halisi lilitumika darasani tu. Mtaani aliitwa Cherehani kwa sababu akianza kukimbia, miguu yake ilidunda upesi upesi kama sindano ya cherehani. Mdomo wake nao haukubaki nyuma.

Karakana ile ilikuwa na sheria moja: baiskeli haitoki mpaka aliyeitengeneza aipande mwenyewe, azunguke uwanja na kurudi.

"Ukiogopa kuipanda," baba yake alizoea kusema, "basi hujaitengeneza. Umeipapasa tu."

Rafiki yake mkubwa alikuwa msichana wa darasa lake aliyeitwa Kambare. Huyo, akiingia majini, ungeapa amezaliwa humo. Wote wawili walikuwa wakijiandaa kwa mashindano marefu ya shule: kuogelea kuvuka bwawa, kupanda na kuteremka kilima kwa baiskeli, kisha kukimbia hadi uwanja wa shule. Mshindi angeiwakilisha shule kwenye mashindano makubwa. Nafasi ilikuwa moja tu, na kila mmoja aliitaka.

"Nikifika ng'ambo nitakusubiri na taulo," Kambare alikuwa akimtania.

"Subiri tu. Kwenye mbio utaniona mgongo, na mgongo wangu hauna habari nawe!"

Walicheka, wakasukumana, wakaenda kufanya mazoezi pamoja. Mambo yalikuwa matamu hivyo mpaka baba yake Kambare, aliyefanya kazi mbali, alipomtumia bintiye baiskeli mpya. Ilikuwa ya buluu, nyepesi, imenyooka kama mshale. Ya Cherehani ilikuwa imeungwa kutokana na marehemu watatu: fremu ya mmoja, magurudumu ya mwingine, na kiti cha wa tatu kilichokuwa kikilia kila kikikaliwa.

Cherehani aliipongeza baiskeli ya mwenzake kwa mdomo. Moyoni kitu kilimchoma.

Kikamchoma zaidi Kambare alipoanza kuja karakana kila Jumamosi. Mara breki inanong'ona, mara kengele hailii. "Baiskeli mpya ina maradhi gani yasiyokwisha?" Cherehani alijiuliza. "Anakuja kuturingia tu."

Jumamosi moja kabla ya mashindano, Kambare alikuja na pedali mpya mkononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," Fundi, baba yake Cherehani, akajibu bila kuinua macho kutoka kwenye gurudumu alilokuwa akilinyoosha. "Cherehani, mfungie mwenzako pedali hizo."

Mwanangu! Cherehani alilimeza neno lile kama kidonge kichungu. Akaikaza pedali ya kulia barabara kwa spana. Ya kushoto akaianza kwa vidole, kama ifanywavyo, ili uzi wake wa skrubu ushike kwanza kabla ya kukazwa. Ndipo aliposikia kicheko cha baba yake. Akageuka. Kambare alikuwa ameketi juu ya kreti, kreti yake yeye Cherehani, akimpa Fundi spoki moja moja.

"Wewe una mkono mwepesi," Fundi alikuwa akisema. "Mkono wa fundi kabisa."

Sifa ile ilikuwa ya Cherehani. Alipewa siku alipoziba tundu lake la kwanza, na tangu hapo hakuwahi kuiona ikipewa mtu mwingine. Akaitazama spana mkononi. Akaitazama pedali ya kushoto. Kisha akairudisha spana ukutani, mahali pake, taratibu.

"Tayari," akasema.

"Umeipanda?" baba akauliza.

"Ndiyo."

Kambare akaondoka akiisukuma baiskeli yake, akipunga mkono; hakutaka kuipanda tena mpaka siku ya mashindano, isije ikachakaa. Siku zote zilizofuata Cherehani alijiambia kwamba hakuharibu kitu, na kwamba pedali ingejikaza yenyewe. Tangu baiskeli zianze kutembea duniani, hakuna pedali iliyowahi kujikaza yenyewe, na katika darasa lao hakuna aliyelijua hilo kuliko yeye.

Siku ya mashindano, Kambare alitoka bwawani wa kwanza, maji yakimchuruzika, akaruka juu ya baiskeli. Cherehani alitoka wa pili, akihema na kutema maji. Akapanda marehemu wake watatu, akakazana. Kwenye mwinuko wa kilima miguu ikaanza kumlipa. Akakaribia. Akakaribia tena. Mbele kilikuwa kilele, na baada ya kilele, mteremko mkali wenye kona karibu na tanuri la matofali.

Ndipo aliposikia mlio. Kwach... kwach... kwach... Mtu mwingine angedhani ni kokoto. Mtoto wa fundi alijua: pedali ya kushoto ilikuwa ikining'inia kwenye ncha ya uzi wake.

"Kambare! Simama!"

"Nisimame upite? Mimi si wa kudanganywa na wewe!"

"Pedali imelegea! Usiteremke!"

"Tafuta uongo mwingine, huo umechakaa!"

Kilele kilikuwa hatua chache tu mbele. Cherehani aliona kwamba utani wao wa kila siku ulikuwa umemfungia mlango. Ulibaki ufunguo mmoja, nao ulikuwa mzito kuliko baiskeli yake.

"Si uongo!" akapiga kelele mpaka sauti ikapasuka. "Sikuikaza! Nilijua, nikanyamaza!"

Breki zikalia. Kambare alishusha mguu, na pedali ikadondoka barabarani, ikabingirika hadi kwenye majani. Aliitazama. Akautazama mteremko, na ile kona kule chini.

Cherehani alitoa spana ndogo iliyokuwa imefungwa chini ya kiti chake. Aliirudisha pedali, akaikaza mpaka vidole vikamuuma. Washindani wa nyuma wakaanza kuwapita. Mmoja wao, mvulana mnene waliyemwita Polepole, aliwapita akipiga kengele kwa adabu. "Habari za hapa?" akasema, akaendelea.

"Kwa nini?" Kambare akauliza hatimaye.

"Kijicho."

"Cha baiskeli?"

"Cha baiskeli. Na cha baba." Cherehani akafuta pua. "Ngoja kwanza." Akaipanda ile baiskeli ya buluu, akaenda mbele kidogo, akazunguka, akarudi. "Sasa chukua."

Kambare aliichukua, akaondoka bila kutazama nyuma.

Nafasi ile moja aliichukua Polepole, ambaye mwenyewe alishangaa kuliko watu wote. Kambare alimaliza wa nne. Cherehani alikuja nyuma yake, na jioni hiyo alimweleza baba yake yote, hata ile "ndiyo" ya uongo. Fundi hakugomba. Alishusha spana zote ukutani, akazifungia sandukuni. "Utafagia," akasema. Adhabu ile iliuma kuliko fimbo.

Jumamosi iliyofuata, Cherehani akiwa anafagia, kivuli kilisimama mlangoni.

"Shikamoo, baba. Kengele yangu hailii."

Fundi akaibonyeza. Ting! Ikalia vizuri kabisa, mtaa mzima ukasikia. Watatu wale wakatazamana.

Kambare akainamisha kichwa. "Haijawahi kuharibika," akasema kwa sauti ndogo. "Breki nazo hazikuwa na kitu. Baba yangu hutuma vitu, lakini yeye haji. Mimi nilikuwa nikija kuona mnavyotaniana. Nilikuwa nakuonea wivu, Cherehani."

"Mimi?" Cherehani akaangusha ufagio. "Mimi mwenye kiti kinacholia?"

"Wewe."

"Nisamehe, Kambare."

"Nimeshakusamehe. Ila ukinifungia tena pedali, nitakaa hapohapo nikutazame."

Fundi alijifuta mikono kwa kitambaa ambacho kilizidi kuichafua. "Kikulacho ki nguoni mwako," akasema. "Mmoja alitamani baiskeli, mwingine alitamani baba, na wote mlinyamaza. Wivu humwingia kila mtu, wanangu, hata mimi humwonea wivu jirani mwenye pampu mpya. Kosa ni kuufuga kimya mpaka uanze kuharibu kazi zenu kwa mikono yenu. Useme wivu wako mapema. Kazi uimalize. Na ukiulizwa, jibu kweli, maana uongo wa neno moja nusura umtupe mtu kwenye tanuri la matofali."

Akafungua sanduku, akampa Cherehani spana. Cherehani akaenda pembeni, akavuta kreti ya pili, akaiweka kando ya ile ya kwanza. Kisha akaibonyeza kengele. Ting!

"Hii kengele ni mbovu sana," akasema. "Matengenezo yake yatachukua Jumamosi nzima. Kaa."