Aliyetokea Mlango wa Nyuma

Kompyuta ya usajili katika ofisi ya chama cha wakulima wa chai, Kyimo, ilizima kwa mara ya tano siku ya Ijumaa, tarehe 13 Machi 2026, saa nne na dakika kumi na saba asubuhi. Ilizima na majina mia moja na arobaini ya wakulima, yote hayajahifadhiwa. Kiti kilichokuwa mbele yake kilikuwa kitupu.

Saa sita mchana fundi Atupakisye alifika kutoka Tukuyu mjini, koti linachuruzika maji. Alikuwa na miaka kumi na moja katika kazi ya kutengeneza kompyuta, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuamini neno la mtu kuhusu mashine, hasa la mwenye mashine.

"Sikukuita uitengeneze," alisema Abeli, meneja wa ofisi. "Nimekuita uandike. Kamati inakaa Jumanne. Nataka karatasi inayosema kwamba Vaileth anaihujumu."

"Nikikuta si yeye?"

"Utakuta ni yeye."

Abeli alikuwa mtu wa Makete, mwaka mmoja tu hapo Kyimo, na alipenda mambo yanyooke. Alieleza kwa mpangilio. Makarani wa usajili walikuwa wawili, Vaileth na Dickson. Mwezi wa sita mfumo mpya ungeletwa, na barua ya tarehe 25 Februari ilisema abaki karani mmoja. Vaileth alirudi kutoka likizo ya uzazi tarehe 26. Tarehe 27, siku ya Ijumaa, mashine yake ikaanza kuzima. Tangu hapo ilikuwa ni Jumanne na Ijumaa, karibu na saa nne, bila kukosa.

"Na mara tatu nimemwona kwa macho yangu," Abeli aliendelea. "Anainuka, anatoka mbio kwa mlango wa nyuma. Dakika chache, mashine imekufa. Mtu asiye na kosa anakimbia nini?"

Lilikuwa swali zuri. Atupakisye aliliandika kwenye daftari lake neno kwa neno.

Vaileth alikuwa na miaka ishirini na saba, mkazi wa Matwebe, macho yamemvimba kwa kukesha na mtoto. Alijibu kila alichoulizwa. Hakuwa na flashi. Hakufuta kitu. Majina yakipotea aliyaandika upya, na mara mbili alirudi nyumbani giza limeshaingia kwa sababu hiyo.

"Leo saa nne ulitoka kwenda wapi?"

"Nje."

"Kufanya nini?"

"Kusimama."

"Kwenye mvua?"

"Chini ya upenu."

"Kwa nini?"

Vaileth alitazama sakafu. "Dada, mume wangu yuko Chunya machimboni, na kumpata kwenye simu ni bahati. Kazi hii ndiyo inayotulisha. Nikifukuzwa sijui nitashika wapi. Lakini hilo usiniulize."

Atupakisye hakuuliza tena. Ilimuuma kidogo, kwa sababu mpaka hapo alikuwa ameanza kumpenda huyu binti, na mtu anayeficha jambo huwa halifichi bure.

Dickson, kwa upande wake, hakuficha chochote. Alimvutia fundi kiti, akampoza kwa maneno.

"Umeme wa huku unaujua mwenyewe, dada yangu. Mvua ikinyesha tu, tabu."

Atupakisye alikagua. Betri ya akiba ilikuwa nzima, taa haikuwa imezimika asubuhi hiyo, na mashine ya Dickson ilikuwa kwenye soketi ile ile ya ukutani.

"Ya kwako imezima mara ngapi?"

"Hii? Haijawahi hata siku moja."

"Mnazitunza tofauti?"

"Zote naziangalia mimi, lakini mimi sichomekichomeki vitu. Tafuta virusi huko kwa mwenzangu."

Alitafuta virusi kwa saa nzima, akakosa. Ndipo alipofungua kumbukumbu ambazo mashine hujiandikia yenyewe kila dakika inapofanya kazi.

Ndani ya kompyuta hizo kuna programu ambayo mtumiaji haioni. Inaamka mashine inapowaka na kukaa chini kwa chini mpaka inapozimwa. Kazi yake ni kama ya bawabu: kikichomekwa kifaa chochote, iwe kipanya, printa au flashi, yenyewe ndiyo inayokipokea, kukitambua, na kufuata kanuni zilizoandikwa kuhusu kifaa cha aina hiyo. Watu wengi huishi nayo miaka bila kujua kuwa ipo.

Saa nne na dakika kumi na nne, bawabu aliandika kwamba simu imechomekwa. Sekunde ile ile akaandika imechomolewa. Imechomekwa. Imechomolewa. Atupakisye alishuka na kurasa, na kurasa hazikuisha. Kwa dakika tatu simu ilihesabiwa kuingia na kutoka mara elfu tisa, kila mara ikizaa kazi mpya, mpaka nafasi yote ya mashine ikajaa na mfumo mzima ukaanguka.

Hakuna mkono wa mwanadamu unaoweza kuchomeka simu mara elfu tisa kwa dakika tatu. Alizitafuta kanuni za bawabu, na ya mwisho kwenye orodha ilikuwa fupi: simu yoyote ikichomekwa, kata umeme wa tundu hilo, kisha uurudishe. Aliyeiandika alisahau jambo moja. Umeme ukirudi, bawabu anaiona simu ile kama mgeni mpya, anaifuata kanuni, anakata tena, na hakuna wa kumwambia basi.

Kanuni iliandikwa tarehe 23 Februari, kwa jina la kuingilia ambalo ofisi nzima ililitumia. Siku hiyo Vaileth alikuwa kwake Matwebe, ananyonyesha.

Hiyo ilikuwa nusu ya jibu. Nusu ya pili ilikuwa simu. Namba ya utambulisho ilionyesha ni simu moja ile ile kwa siku zote tano, nayo haikuwa ya Vaileth, wala ya Dickson, wala ya Abeli, ambaye aliitoa yake kwa shingo upande.

Saa tisa Atupakisye aliingia jikoni kwa Tulinagwe, mama wa makamo aliyewapikia chai.

"Nani huchaji simu humu?"

"Wazee wa kamati. Wanakuja Jumanne na Ijumaa. Mimi ndiye nawachajia, hapa hapa."

"Wote?"

"Isipokuwa mzee Lukasi. Yule hapendi kumsumbua mtu. Anakohoa pale mlangoni, anangoja kidogo, anaingia, anajipumzisha, anaondoka."

"Ana kifua?"

Tulinagwe alicheka mpaka akaweka birika chini. "Mwanangu, umekulia mjini wewe. Kifua gani? Mkamwana wake yumo mle ndani. Ni ukutila. Anampa nafasi atoke."

Atupakisye alikaa kwenye gunia la mkaa bila kutazama anakaa wapi. Aliona aibu, na ilikuwa aibu ya haki. Mama yake mwenyewe, kwa mwiko huo huo wa mkamwana na baba mkwe, miaka ishirini hakuwahi kukaa naye chumba kimoja wala kumtazama usoni. Akisikia hatua zake aliacha hata chungu kinachochemka akapita nyuma. Atupakisye aliliona hilo kila likizo ya utoto wake, na leo alihitaji kuambiwa.

Kwa hiyo mzee aliingia, akakuta kiti kiko wazi, akachomeka simu kwenye mashine iliyo karibu. Skrini ilipozima alidhani umeme umekatika, akaondoka zake. Na Vaileth, ili ajitetee, ingembidi amtaje baba mkwe wake mbele ya kamati ambayo baba mkwe mwenyewe ni mjumbe. Afadhali afukuzwe.

Jumanne tarehe 17, saa tatu asubuhi, wajumbe saba walikaa, mzee Lukasi akiwa wa tatu kutoka mlangoni. Atupakisye aliomba kompyuta zote mbili ziwekwe mezani. Alieleza habari ya bawabu, kisha akachomeka simu yake kwenye mashine ya Vaileth. Dakika ya tatu haijaisha, skrini ikawa nyeusi.

"Vaileth hayumo humu," alisema. "Na imezima."

Aliiwasha, akaifuta ile kanuni, akachomeka simu tena. Simu ikachaji, mashine ikatulia.

"Dickson, ulisema ya kwako haijawahi kuzima."

"Haijawahi."

"Tarehe 24 Februari, saa tisa na dakika nane alasiri, ilizima. Kilichochomekwa ni simu yako, namba ninayo hapa. Saa tisa na nusu kanuni kama hii ilifutwa kwenye mashine yako. Kwenye ya mwenzako ikaachwa."

Dickson aliuma mdomo. Alipoanza kusema, alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliyechoka kubeba kitu.

"Watu walikuwa wameigeuza ofisi kituo cha kuchajia. Niliiandika kuwakomesha, sikujua itaangusha mashine. Yangu ilipoanguka, nikafuta. Ya Vaileth nilikuwa nimeizima baada ya kuiandika, nikaisahau."

"Na Ijumaa ile ya kwanza, ya kwake ilipoanguka?"

"Barua ilikuwa imeshakuja. Abaki mmoja. Nina watoto watatu, fundi."

"Ulijua kwa nini anatoka nje."

"Nani hapa asiyejua?"

"Mimi," alisema Abeli. "Mimi sikujua."

Mzee Lukasi alitoa simu mfukoni, ile aliyonunuliwa na mwanawe, akaisukuma mezani. "Soma namba ya hii."

Atupakisye aliisoma. Hakuwa na haja ya kuilinganisha, lakini aliilinganisha.

"Ni hii, mzee."

"Na yeye alijua kuwa ni hii?"

"Alijua ni wewe unayeingia. Alikataa kusema."

Mzee aliirudisha simu mfukoni. Katika miaka minne ya ndoa ya mwanawe hakuwahi kumwambia mkamwana huyo neno hata moja, na desturi haikumruhusu kuanza leo.

"Yuko wapi sasa?"

"Nyuma, chini ya upenu."

"Andikeni kwamba anabaki," mzee aliwaambia wenzake. "Huyo mwingine mtaamua wenyewe. Mimi natoka, ili aingie alisikie kwa masikio yake."

Alitokea mlango wa mbele, akasimama uani kwenye mvua, akiwapa mgongo.

Tulinagwe alimwita Vaileth. Abeli alimsomea uamuzi akiwa amesimama, akaongeza kwamba alimkosea. Vaileth alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatazama kiti cha tatu kutoka mlangoni.

"Nani alimwambia atoke?"

"Hakuna," alisema Atupakisye. "Amejitoa mwenyewe."

Vaileth aliketi mbele ya mashine yake, akalia kwa sauti mbele ya wanaume wale, na hakuna aliyemwambia anyamaze.