Daftari la Majoho

Mama Pini alikuwa fundi cherehani, na alishona kitu kimoja tu: majoho ya mahafali. Magauni alishayaacha. Suruali hakutaka hata kuzisikia. Msimu wa mahafali ulipokaribia, chumba chake cha mbele kilijaa vitambaa vyeusi kutoka sakafuni hadi dirishani. Mume wake alikula amesimama jikoni.

"Nyumba hii ina wahitimu wengi kuliko viti," alisema Baba Pini.

Yeye alikuwa fundi wa kuchomelea milango ya chuma. Alikuwa mtu wa utani, tena wa sauti kubwa, kwa sababu ya kuzoea kelele za kazini.

Binti yao aliitwa Pini tangu utotoni. Alikuwa akitambaa chini ya cherehani, anaokota pini zilizoanguka, na hakuchomwa hata siku moja. Jina likamganda.

Mama Pini alikuwa na sheria moja tu katika chumba kile. Aliiandika ukutani kwa chaki yake ya kukatia: JOHO HALIJARIBIWI. Mwenye joho atalivaa siku yake. Mtu mwingine hagusi. Pini alipokuwa na miaka tisa alivaa moja mbele ya kioo, akajiona mkubwa. Mama yake alimvua, akalipiga pasi upya, kisha akamkalisha.

"Hili ni jasho la mtu," alimwambia. "Huvai jasho la mtu mwingine."

Pini hakurudia tena.

Sasa Pini alikuwa amemaliza shule ya sekondari. Matokeo yalikuwa mezani, chini ya mkasi. Kemia vizuri sana. Baiolojia vizuri sana. Hisabati wastani. Alitaka kufanya kazi katika maabara inayopima maji, ajue kama maji ya watu ni salama kunywa. Alilisema jambo hilo mara moja tu nyumbani.

"Mwanangu, umefaulu, na mimi nimefurahi," mama yake alimjibu. "Lakini chuo kikuu ni habari nyingine. Mwaka ule baba yako alipoomba, walichukua watu sitini nchi nzima. Sitini! Najua kwa sababu ishirini kati ya majoho yao nilishona mimi. Baba yako alikuwa na akili kama wembe, na bado akaachwa."

"Wembe wenyewe ukaishia kukata vyuma," alisema Baba Pini. Alicheka, lakini si kwa moyo wote.

Mama Pini alikuwa amekwishanunua cherehani ya pili. Ilikaa kando ya yake, imefunikwa shuka safi. Jumatatu Pini angeanza kazi.

"Sawa, mama," alisema Pini.

Siku ya Jumatano alikuwa akimsaidia mama yake kukata. Alikata vitambaa vya mikono, akavikunja, akampa. Mama yake alivitandaza, akavigeuza, akavigeuza tena. Ilikuwa mikono miwili ya kushoto. Pini hakuwahi kufanya kosa la namna hiyo tangu ajue kushika mkasi.

"Pini, una nini?"

"Sina kitu, mama."

Mama Pini alimtazama. Moyo ulimuuma. Alijua vizuri ana nini.

Wakati huo Baba Pini aliingia, uso umeng'aa, karatasi ya tangazo mkononi.

"Nimepata! Nani alisema hakuna nafasi? Sikilizeni. Shahada kwa miezi sita. Hakuna mitihani. Hakuna masharti. Njoo na picha mbili tu!"

"Miezi sita?" aliuliza Pini.

"Miezi sita! Mimi mlango mmoja wa geti hunichukua wiki mbili, na hautoki na shahada."

Hodi ilibishwa mlangoni. Aliyeingia alikuwa jirani yao wa nyumba ya pili, ameshika sketi iliyoharibika zipu; yeye peke yake Mama Pini alimtengenezea nguo, kwa ujirani. Watoto wa mtaa walimwita Bi Idadi. Alifanya kazi katika ofisi ya kukusanya hesabu za wanafunzi wa elimu ya juu nchini, na mazoea yalimfuata mpaka nyumbani. Alihesabu ngazi akipanda. Alihesabu hata maharage akichambua, walisema watoto, ingawa hapo walitia chumvi.

"Jirani, umefika wakati mzuri," alisema Baba Pini. "Hebu soma hii. Binti yangu anakwenda chuo."

Bi Idadi alisoma mbele, akasoma nyuma.

"Chuo hiki nakijua," alisema.

"Unaona!"

"Nakijua kwa kuwa hakipo."

Bi Idadi alitoa simu yake, akafungua orodha ya vyuo.

"Kila chuo halali kina usajili. Yaani serikali inakitambua. Orodha iko wazi, mtu yeyote anaweza kuisoma. Tafuta jina hili humu, kaka. Halimo. Tena si chuo peke yake. Hata kozi lazima iwe na ithibati, maana yake imekaguliwa na kukubaliwa. Bila hivyo, mtoto anamaliza, anapeleka cheti kazini, wanamrudishia."

Baba Pini aliikunja karatasi yake taratibu, ikawa ndogo, ikaingia mfukoni.

"Basi ndiyo niliyosema," alisema Mama Pini kwa huzuni. "Nafasi ni sitini. Huyu wangu hisabati imemwangusha. Atapita wapi?"

"Sitini?" aliuliza Bi Idadi. "Sitini za mwaka gani?" Kisha akatazama chumba kizima. "Na haya majoho yote unamshonea nani?"

"Wa chuo kikuu."

"Kipi?"

"Si kile kimoja? Rangi za mabegani ni masomo yao. Bluu ni udaktari, kijani ni kilimo, zambarau nadhani ni sheria."

Bi Idadi alicheka mpaka akakaa juu ya rundo la vitambaa. Akaruka haraka. Kulikuwa na pini.

"Nani alikwambia hivyo, dada yangu?"

"Hakuna aliyeniambia. Mwenye duka la jumla huniletea oda. Ameandika rangi, idadi, vipimo, na kama ni mwanamke au mwanamume, basi. Nikajiambia mwenyewe."

"Dada, bluu ni chuo kimoja. Kijani ni chuo kingine. Zambarau ni chuo cha tatu, kina maabara nzuri sana. Kila rangi uliyoshona ni chuo chake!"

Mama Pini alisimama na mkasi mkononi. Miaka ishirini alikuwa ameshona rangi hizo bila kumuuliza mtu.

"Una kumbukumbu za oda zako?" aliuliza Bi Idadi, macho yamewaka. Mtu wa hesabu akiona daftari la zamani, hana habari tena na sketi.

Mama Pini alikuwa nazo. Aliteremsha daftari nene lenye jalada la kitambaa. Kila joho lilikuwa humo, kwa urefu na mabega, na alama ya K kwa mwanamke au M kwa mwanamume. Bi Idadi alisoma na Pini akaandika kwa chaki juu ya kitambaa cheusi.

Mwaka wa kwanza yalikuwa majoho ishirini, ya rangi moja. K zilikuwa mbili tu. Miaka mitano baadaye yalikuwa tisini, ya rangi tatu. Mwaka wa kumi, mia mbili na arobaini. Mwaka uliopita Mama Pini na wasaidizi wake wawili, wanaoshonea makwao, walishona majoho mia saba, ya rangi kumi na nne.

"Na K?" aliuliza Pini. Alizihesabu mwenyewe kwa kidole, ukurasa baada ya ukurasa. "Mia tatu na hamsini na moja! Mama, ni zaidi ya nusu!"

"Huo ndio tunauita mwelekeo," alisema Bi Idadi. "Huangalii mwaka mmoja. Unauliza: mwaka hadi mwaka, hesabu inapanda, inashuka, au imesimama? Hili ni daftari la fundi mmoja, haliwezi kusema habari za nchi nzima. Nchi tunaihesabu ofisini. Lakini nakuhakikishia, hesabu yetu inapanda kama hii yako. Vyuo vimeongezeka, na wanaoandikishwa wameongezeka. Wewe umekuwa ukiiandika habari hiyo muda wote. Ulichokosa ni mtu wa kuisoma nawe."

Mama Pini alikaa kwenye kiti chake cha kazi.

"Nimemfungia mwanangu mlango," alisema polepole, "na huku naushonea mapazia."

Hakuna aliyecheka, hata Baba Pini.

"Na hisabati yangu, Bi Idadi?" aliuliza Pini. "Ni wastani."

"Kwa shahada moja kwa moja, kozi ya maabara itakukataa. Nisikudanganye. Lakini kuna stashahada. Miaka mitatu, unasoma maabara kwa vitendo. Ukifaulu vizuri, unaendelea na shahada kutoka hapo. Wengi wanapita njia hiyo, na kazini wanaheshimika. Elimu ya juu ina ngazi, si lazima uruke zote. Hata mafundi waliojifunzia kazini siku hizi wanapimwa ujuzi wao, wanapewa cheti, wanaendelea."

Maneno hayo ya mwisho Mama Pini aliyasikia vizuri. Aliinama kuokota pini ambayo haikuwapo.

"Dirisha la maombi linafungwa lini?" aliuliza Baba Pini.

"Keshokutwa, Ijumaa."

"Basi tumekaa hapa tunafanya nini?"

"Subiri, kaka. Vyuo vingi ni jambo jema, lakini wanafunzi wakiongezeka upesi kuliko walimu, darasa linajaa na maabara haitoshi. Pini, chagua vyuo vitatu katika orodha, uvipigie simu. Uliza walimu ni wangapi. Uliza kama maabara inafanya kazi."

Alhamisi asubuhi Pini alipiga simu, kidaftari magotini. Chuo kimoja kilimjibu kwamba maabara itajengwa.

"Itajengwa lini?" aliuliza Pini.

"Siku za karibuni."

"Asante," alisema Pini, akakifuta. Baba yake aliyekuwa akisikiliza mlangoni alijipiga paja kwa furaha. Binti alikuwa anauliza kama mkaguzi!

Jioni walikaa wote mbele ya simu ya Bi Idadi kujaza fomu. Pini alianza kuandika jina, na kidole chake kikaandika Pini.

"Futa!" Bi Idadi alimwambia. "Jina liwe kama lilivyo kwenye cheti, herufi kwa herufi. Ukikosea hapo, watasema cheti si chako."

Baba Pini alisoma cheti kwa sauti, herufi moja moja, kwa sauti yake ile ya kazini. Mtaa mzima ulijua jina kamili la binti yake siku hiyo. Fomu ilitumwa siku moja kabla ya dirisha kufungwa.

Wiki tano baadaye ujumbe uliingia. Pini alikuwa amepata nafasi katika chuo cha pili kwenye orodha yake: kile cha zambarau. Baba Pini alitoka nje na miwani yake ya kuchomelea kichwani, akamwambia kila aliyepita. Kisha alichomelea rafu ya vitabu ya chuma, nzito, isiyobebeka. Ilibidi ibaki nyumbani.

Cherehani ya pili alipewa msaidizi mmoja. Na Mama Pini alibandika ukutani, chini ya sheria yake, orodha mpya: rangi zote kumi na nne, na mbele ya kila rangi jina la chuo chake. Mgeni akiingia, alimwonyesha kwa fahari. Vijana wa mtaa walianza kuja kuisoma, na yeye aliwauliza kwanza: "Chuo chako kiko kwenye orodha? Umeulizia maabara?"

Miaka mitatu ilipita. Siku moja ikaletwa oda: zambarau, themanini na nne. Mama Pini hakuanza na la kwanza kwenye karatasi.

"Pini, njoo hapa. Simama wima."

Alimpima mabega. Alimpima kutoka shingoni hadi kwenye kifundo cha mguu. Mikono iliyoshona maelfu ya majoho ilikosea kipimo, akalazimika kurudia. Kisha akaandika katika daftari, na mbele ya alama ya K akaongeza neno ambalo halikuwahi kuandikwa humo: *wangu*.

Joho lilipokamilika, Pini alilivaa mbele ya kioo kile kile. Safari hii hakuna aliyemvua. Baba yake alisimama mlangoni, akafungua mdomo kutafuta utani, hakuupata. Akalia wazi wazi, bila aibu, na Mama Pini, kwa fahari, akampa kipande cha kitambaa cheusi ajifute.

"Mwezi ujao naanza kazi kwenye maabara ya maji," alisema Pini. "Shahada nitaiomba mwakani."

Kisha akanyoosha mkono, akachukua futi ya kupimia iliyokuwa shingoni mwa mama yake.

"Mama, simama wima."

"Acha utani."

"Bi Idadi amesema mafundi wanapimwa ujuzi wao kuanzia mwezi ujao, kwenye chuo cha ufundi. Cheti cha ushonaji, na siku ya kukipokea wanavaa joho. Nimeangalia, kimesajiliwa. Fundi hawezi kujipima mgongo mwenyewe. Geuka."

"Mimi? Na umri huu?"

Alitazama chaki ukutani. Majoho mengi mno yalikuwa yamepita mikononi mwake, na kwa heshima ya jasho la wengine hakuwahi kuweka hata moja mabegani mwake. Aligeuka taratibu. Akanyoosha mgongo.

Pini alipima mabega, akapima urefu, akachukua kalamu.

"Andika," alisema Mama Pini. "Lakini upindo uache mrefu kidogo, kama sare za shule. Mwambie fundi mimi bado nakua."