Pumzi za Muhanna

Muhanna anauza vitambaa mjini Tabora. Kwao, tangu enzi za babu, mteja hatajiwi bei kabla ya kupewa kahawa na halua. Na mwenye duka lazima ale naye, la sivyo mgeni ataona amedharauliwa. Basi fikiria siku ya gulio, wateja wanapofurika! Muhanna alinenepa mpaka kupanda baraza kukamtoa jasho. Mkewe Zeyana, yaani Mama Lamya, alifurahi. Watu walimsifu kwamba anajua kumtunza mume.

Kipupwe kilipofika, mafua makali yakaingia nyumbani. Zeyana aliugua, akapona. Muhanna akabaki na homa na kikohozi. Zeyana hakuwa na wasiwasi. Aliamini mtu mwenye mwili mkubwa ana akiba ya nguvu. Akamlaza chali, akamfunika blanketi, akamnywesha uji wa samli. Akikataa, alimbembeleza anywe kijiko kimoja tu, kwa ajili yake.

Asubuhi moja Muhanna hakuweza kumaliza sentensi. Alitweta, midomo imebadilika rangi. Zeyana akashikwa na hofu, akamwita jirani yao Leonia, ambaye ni muuguzi. Leonia akamwinua, akamkalisha kwa mito, akaita bajaji. Hospitali wakamwekea oksijeni.

Nje ya wodi Zeyana aliuliza inakuwaje yeye mwembamba amepona, na mwenye mwili amezidiwa.

"Mama Lamya, mafuta yale si akiba," Leonia alisema taratibu. "Tumbo kubwa hubana mapafu, yasijae hewa vizuri. Tena unene uliozidi hupunguza kinga. Si kila mnene atazidiwa, lakini hatari yake ni kubwa. Akipata homa na kikohozi, mlete mapema. Usingoje atwete."

"Kwa hiyo nilikuwa namuua kwa mkono wangu?"

"Ulimpenda kama ulivyofundishwa. Sasa mpende hivi."

Muhanna alipona polepole. Dukani halua ikawa ya mgeni. Yeye anakunywa kahawa tu, na wateja wamemwelewa. Nyumbani mboga zimeongezeka, samli imepungua. Jioni wanatembea pamoja hadi stesheni. Mwili unapungua kidogo kidogo.

Kipupwe kilichofuata, homa ilimrudia. Siku hiyohiyo Zeyana alimpeleka kituo cha afya. Alipimwa, akapewa dawa, wakarudi nyumbani.

Njiani Muhanna akaanza kusimulia jinsi alivyotetemeka siku ya kwenda kumposa. Ni hadithi ndefu, na Zeyana ameisikia mpaka imemchosha. Safari hii alisikiliza pumzi zake mpaka mwisho, na hazikukatika hata mara moja.

Kisha akamwomba aanze tena.