Kijiko Kililia Ti!

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare, binti wa fundi cherehani alikuwa na kazi asiyomwachia mtu. Alinawa mikono, akazungusha kitambaa safi chenye majimaji kidoleni, kisha akampangusa mdogo wake fizi. Mtoto alikuwa na mwaka na miezi miwili, na kinywani hamkuwa na jino hata la dawa.

Siku moja jirani alifuata gauni lake. "Hee! Kibogoyo bado?" akashangaa. "Wa kwangu umri huu alikuwa na manne! Mama, lete huo wembe wako wa kufumulia. Tumchanje fizi kidogo tu, jino lipate njia."

Mama alisita. Maneno ya watu yalikuwa yamemchosha. Polepole mkono wake ukaufuata wembe kando ya cherehani.

"Mama, usimpe!" Binti alimkumbatia mdogo wake. "Twende kliniki kwanza. Kadi yake hii hapa."

"Makubwa!" jirani akadakia. "Siku hizi yai linamfundisha kuku kutaga?"

Mama aliwatazama wanawe. Akaufunga wembe ndani ya karatasi. "Yai hili ndilo linalomsafisha mtoto kinywa kila siku," akasema. "Tutakwenda."

Kliniki, muuguzi alisoma kadi, akampima mtoto uzito, akamsimamisha, akapapasa fizi zake.

"Anakua vizuri. Katika ukoo, yupo aliyechelewa kuota meno?"

"Baba yake," Mama akakumbuka. "Bibi yao husema alitembea nyumba nzima bila jino."

"Basi amerithi. Akifika mwaka na nusu bila jino, mpelekeni kwa daktari wa meno. Lakini wembe, hapana! Utamletea kidonda na maradhi. Na fizi hizi, nani anazisafisha?"

Mama alimwonyesha binti yake kwa kidevu. Binti akainama, tabasamu limemjaa hadi masikioni.

Wiki ya sita baada ya hapo, binti alikuwa akimlisha mdogo wake uji. Kijiko kikalia, ti! Akarudia. Ti!

"Mama! Njoo usikie!"

Jirani naye akaja mbio. "Hebu nione!" Kabla hajakatazwa, kidole kilishaingia kinywani.

"Uwii! Kibogoyo kaning'ata!"

"Nawa mikono kwanza, shangazi," binti akasema. Walicheka mpaka mtoto naye akacheka, jino jeupe likichungulia kama punje ya mchele.

Mama alimvuta binti yake kifuani. "Mimi fundi mzima nilisahau kazi yangu. Gauni la huyu silikati kwa kipimo cha yule, lakini mwanangu nilimpima kwa watoto wa watu. Kila mwili una siku zake, mwanangu. Tukiwa na shaka, tunamwuliza anayejua, kama ulivyofanya wewe. Leo najivunia jino la mmoja na akili ya mwingine."